Viti Thelathini Gereji

Leokadia Rwegasira hakuwa amevua koti alipoona kwamba wenye nyumba wanaongea kwa sauti ya chini mno. Mtu aliyepotelewa na mtu hupandisha sauti, hukatiza wenzake, hurudia jambo lile lile mara tatu. Edna na Elisante walikuwa wananong'ona sebuleni kwao wenyewe, Bowie, Maryland, saa mbili na nusu asubuhi, wakati ndani hamkuwa na mtu wa kuwasikia.

"Mara ya mwisho mlimwona lini?"

"Jana saa nne usiku," alisema Edna. "Aliaga, akapanda kulala. Leo saa moja na nusu nampelekea chai, dada, chumba kitupu. Kitanda kimetandikwa vizuri. Simu kaiacha juu ya mto."

"Na pasipoti?"

"Ipo. Nguo zipo. Koti tu ndilo halipo."

Aliyetoweka ni Halyna, mwanamke wa Kiukraine wa miaka thelathini na minne. Elisante alikuwa amejaza fomu za kumdhamini miaka miwili nyuma, baada ya tangazo kanisani, na tangu hapo Halyna alilala chumba cha Anitha, binti yao aliyekuwa chuo. Alifanya kazi kwenye bekari moja ya mjini, Columbia Heights. Ugali alishaujua kuliko Anitha mwenyewe. Mumewe, Bohdan, alikuwa jeshini, huko huko kwao.

Polisi wa kaunti walishapigiwa. Walisema mtu mzima anayetoka nyumbani asubuhi na koti lake hajapotea, ametoka. Ndipo Edna akamkumbuka Leokadia, ambaye alikaa idara ya upelelezi Moshi miaka kumi na minne kabla ya kuja Marekani. Sasa alikuwa na leseni ya upelelezi binafsi ya Maryland, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwapelekea karatasi za talaka wanaume wanaojificha kwenye vyumba vya chini vya nyumba zao.

"Shemeji, mimi nadhani wamemchukua," alisema Elisante. Alikuwa ameshika faili la plastiki kwa mikono miwili. "Kibali chake kinaisha tarehe kumi na nne. Tume-apply kuongezewa, lakini majibu hayajaja. Siku hizi unajua hali ilivyo."

Lilikuwa wazo la maana, na ndiyo maana Leokadia alilifuata. Alikaa kwenye meza ya chakula, akaingia mtandao wa serikali wa kutafutia waliokamatwa na uhamiaji, akajaza jina na nchi ya kuzaliwa. Hakuna. Akajaribu tahajia nyingine ya jina. Hakuna. Akampigia Gichuki, wakili Mkenya mwenye ofisi Arlington aliyekuwa anashughulikia maombi yale, akasubiri kwenye laini dakika kumi na nane huku Edna akiingia na kutoka jikoni.

"Application iko pending, madam," alisema Gichuki. "Sijapata notice yoyote. Kama angeshikwa, mimi ndiye wangeniita, ama yeye angenipigia. Hebu ulizeni majirani kwanza."

Ilikuwa saa tatu na robo. Baadaye, Leokadia aliikumbuka saa ile kwa hasira, kwa sababu aliitoa bure kwa mtu aliyekaa mbele yake na faili mkononi akijua kuna jambo hajalisema.

Alianza upya kama alivyozoea, kwa miguu. Mlango wa mbele haukuvunjwa. Dirisha la chumba lilifungwa kwa ndani. Jikoni palikuwa na sufuria mbili za shughuli, zile ambazo familia ya watu wawili haina haja nazo, na gunia la mchele lililofunguliwa. Alipita mlango wa gereji kuangalia kama baiskeli ya Anitha ipo. Baiskeli ilikuwepo, nyuma ya viti vya kukunja vilivyopangwa ukutani, vyote na stika ya kanisa. Alivihesabu: thelathini.

"Vya nini hivi?"

"Maombi," alisema Edna.

"Jumatano?"

"Ya jioni."

Leokadia hakuendelea. Kule Moshi alikuwa amejifunza kwamba mtu akijibu kwa neno moja moja, muulize kitu kingine.

"Kengele ya mlango ina kamera. Nionyesheni ya leo asubuhi."

Elisante alitoa simu, akaifungua programu, akaisogeza sogeza kwa kidole, kisha akasema kamera imeharibika. Leokadia akamnyang'anya simu kwa upole. Kamera ilikuwa na picha za kila siku: mleta vifurushi, Edna akirudi kazini, paka wa jirani. Picha ya mwisho ilikuwa ya Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Alikwenda nyuma ya televisheni, akainama. Ruta ya intaneti ilikuwa pale, imezimwa, na waya wake umezungushwa vizuri na kufungwa kwa mpira. Kitu kikiharibika hakijifungi kwa mpira.

Akapanda chumbani, akachukua simu ya Halyna juu ya mto. Chaji ilikuwa imejaa. Laini haikuwa na mtandao.

Alishuka, akaketi, akawaonyesha kochi la mbele yake.

"Laini yake mnailipia nyinyi, kwenye family plan yenu?"

Edna alimtazama mumewe.

"Elisante."

"Nili-pause," alisema. "Jumamosi. Tukamwambia kampuni ina matatizo."

"Na intaneti mkazima. Na kazini?"

"Mimi niliwapigia nikamwombea likizo," alisema Edna. "Mpaka kesho. Nilimwambia wenyewe wamesema apumzike."

"Kwa hiyo mwanamke hana gari, hana simu, hana kazi ya kwenda, yuko Bowie. Siku nne. Mlikuwa mnamficha nini?"

Edna alianza kulia bila sauti. Elisante ndiye aliyesema.

"Mume wake amefariki."

Viti, sufuria, mchele, minong'ono: vyote vilikaa mahali pake mara moja, na Leokadia aliona aibu kwamba yeye, wa kwao kabisa, alivipita. Nyumba ilikuwa inaandaliwa msiba. Leo saa kumi na mbili jioni wangekuja watu, mchungaji kutoka Silver Spring angekaa karibu na Halyna, wanawake wawili wenye nguvu wangekaa kulia na kushoto kwake, angepewa chakula kwanza ale ashibe, ndipo aambiwe. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyoambiwa kifo cha baba yake. Ndivyo alivyowaambia wengine, akiwa kazini, alipowapigia ndugu na kusema mgonjwa wenu amezidiwa, njooni, wakati mgonjwa alishalala mochwari tangu jana.

"Hatukutaka asome kwenye simu, peke yake, juu ya kitanda cha mtoto," alisema Edna. "Hana ndugu hapa. Sisi ndio ndugu."

"Nani aliwaambia?"

"Mama mmoja wa hospitali ya kwao, anajitolea. Bohdan alikuwa na namba yangu, kama mdhamini," alisema Elisante. "Alipiga Jumamosi."

"Nataka maneno yake. Siyo maana yake. Maneno."

Elisante alifumba macho. "Kwa Kiingereza. Alisema Bohdan kaumia vibaya, kifuani na tumboni. Hali ni mbaya sana. Mke wake apige simu haraka iwezekanavyo."

"Alisema amekufa?"

"Shemeji."

"Alisema?"

"Nani anasema hivyo kwenye simu?" Elisante alimtazama kana kwamba amemtukana. "Mtu anakupigia kutoka ng'ambo, anakwambia hali mbaya sana, mke ajulishwe haraka. Wewe ungeelewaje?"

Leokadia angeelewa vile vile.

"Amepiga tena?"

"Mara nyingi. Nilipokea mara moja, Jumapili. Nikamwambia we are preparing her. Akashukuru sana."

Namba ilihifadhiwa kwa jina la *Msiba Ukraine*. Leokadia aliinakili kwenye simu yake, akapiga. Ilikuwa saa nne kasoro robo asubuhi. Huko ilikuwa jioni. Mwanamke alipokea kabla ya mlio wa pili kuisha, na hakusema halo. Alisema, kwa Kiingereza kizuri cha mwalimu, "Ni wewe, Halyna?"

Aliitwa Larysa. Ndiyo, yuko hospitali, Dnipro. Ndiyo, Bohdan yuko hai. Amefanyiwa upasuaji mara mbili. Akili inakuja na kuondoka. Ikija, anauliza mke wake amepiga. Wanamwambia anaandaliwa. Daktari hasemi siku, hasemi saa. "Mnamwandaa mpaka lini?" aliuliza Larysa. Hakuuliza kwa ukali.

"Leo," alisema Leokadia. "Namtafuta sasa hivi. Kaa na simu karibu na sikio la Bohdan."

Alipokata, Elisante alikuwa amesimama.

"Yuko hai?"

"Chomeka ruta. Rudisha laini. Halyna akirudi hapa, mnapiga namba hii kabla hajavua viatu. Hamumkalishi, hamumpi chai."

Edna alikuwa ameshika kitambaa cha meza kama mtu anayezuia kisipeperuke. "Lakini kama hajui kitu," alisema, "mbona ameondoka?"

Lilikuwa swali zuri, la kwanza kuulizwa na mwenye nyumba tangu asubuhi. Halyna hakuwa na simu wala intaneti. Kama alijua, aliambiwa na mdomo wa mtu.

"Mlimwalika nani ambaye si Mtanzania?"

"Cheryl," alisema Edna. "Jirani."

Cheryl alikaa nyumba ya pili upande wa pili wa barabara. Alikuwa mama Mmarekani mweusi, mstaafu wa serikali, aliyesoma Kiswahili chuo kikuu miaka ya sabini na hajakiacha tangu wakati huo. Alifungua mlango akiwa na aproni. Nyuma yake palinuka kuku wa kuoka.

"Karibu, dada. Chakula cha msiba kitakuwa tayari saa kumi," alisema, kila neno likitoka zima.

"Mama Cheryl, umemwona Halyna leo?"

"Nimemwona. Nilikuwa natembea saa kumi na mbili na robo asubuhi, naye alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje. Nilimwendea nikampa pole."

"Ulisemaje?"

"Nilisema, pole sana kwa msiba wa mume wako." Cheryl alianza kuelewa kutokana na uso wa Leokadia. "Edna alinialika juzi. Aliniambia mume wa Halyna amefariki. Hakusema kuna siri. Nilifundishwa kwamba ukisikia msiba unatoa pole kabla ya jambo lingine lolote."

Kila Mtanzania aliyepigiwa simu alijua kunyamaza bila kuambiwa. Cheryl alifundishwa darasani, na darasani walimfundisha kutoa pole. Hawakumfundisha kusubiri.

"Akafanyaje?"

"Hakulia. Aliuliza kama nina uhakika. Nikamwambia wamenialika. Akaangalia gereji, akaniambia sasa anaelewa viti. Halafu akaniomba nimfikishe New Carrollton, kwenye treni. Nilimnunulia kadi ya Metro. Nilimwuliza kama niende naye, akasema hapana." Cheryl alijifuta mikono kwenye aproni, iliyokuwa kavu. "Nimekosea?"

"Mume wake yuko hai," alisema Leokadia. Hakuwa na muda wa kutafuta namna nyingine. Alimwacha pale mlangoni, na alipogeuza gari alimwona bado amesimama, mkono kwenye kitasa.

Barabara kuu namba hamsini, ya kuingia mjini, ilikuwa imejaa magari. Leokadia alihesabu mambo aliyoyajua. Mtu asiye na simu, aliyeambiwa amefiwa, anakwenda kwa anayemjua. Halyna alijua sehemu mbili: nyumba ya Elisante, ambayo alikuwa ameikimbia, na kazini. Alifika Columbia Heights saa tano kasoro dakika kumi, akaegesha mahali pasiporuhusiwa, akaingia bekari.

Aliyekuwa kaunta aliitwa Cherono, msichana wa Eldoret mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Leokadia alianza kwa Kiingereza, Cherono akamjibu kwa Kiswahili.

"Alikuja saa mbili hivi. Nikashangaa, si boss alisema ako off? Akataka ile mkate ya round, ile kubwa. Nikamwambia wacha nikulipie, akakataa. Na uso yake, aki, nikajua kuna kitu."

"Alisema ni kitu gani?"

"Alisema bwanake amekufa. Hivyo tu, kama mtu anasema mvua inanyesha. Nikatoa simu yangu nikamwambia piga home, ongea na watu wenu. Akaishika kidogo, akanirudishia. Akasema hataki kusikia mtu mwingine akimwambia. Mmoja ametosha."

Leokadia aliegemea kaunta. Saa mbili, simu ilikuwa mkononi mwa Halyna. Namba ya mumewe bila shaka aliijua kwa kichwa.

"Mkate ni wa nini?"

"Wa kanisa. Wao huwekanga mkate kwa meza ukiombea mtu amekufa. Watu wa ile kanisa yao hu-order hapa, iko Northeast, mbali kidogo. Nikamwambia chukua basi. Akasema atatembea."

Cherono aliandika anwani nyuma ya risiti. Leokadia alikuwa Michigan Avenue, nyuma ya lori la taka, simu ilipoita. Alipoona ni namba ya Larysa alipokea haraka, akaanza kusema kwanza, kwamba Halyna amempata, bado dakika kumi, amwambie Bohdan asubiri. Larysa alimwacha amalize.

"Saa tano na dakika kumi kwa saa zenu," alisema Larysa. "Nilikuwa nimeshika simu karibu na sikio lake, kama ulivyosema."

Lori liliondoka. Gari la nyuma lilipiga honi, likapiga tena. Leokadia aliendesha kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Njiani alipanga la kumwambia Halyna, kama alivyokuwa akipanga ripoti. Halyna alishaambiwa. Alishatembea na mkate wake saa nzima, alishaomba. Kama angeingia mle ndani na kunyamaza, hakuna ambacho kingeharibika zaidi. Siku ya kifo ingebaki Jumamosi. Elisante na Edna wasingefungua mdomo wakiombwa, na Cheryl angeombwa. Larysa alikuwa mbali. Mke angebaki na msiba mmoja, mzito lakini mmoja. Leokadia aliegesha akiwa ameshaamua, na alijisikia nafuu kidogo, nafuu ile ile waliyokuwa nayo akina Edna siku nne nzima.

Kanisa lilikuwa wazi na tupu. Halyna alikuwa benchi la pili, koti limefungwa hadi shingoni. Mbele, juu ya meza ndogo, palikuwa na mkate na mshumaa uliosimikwa katikati yake, umebaki nusu. Leokadia aliketi pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Walifahamiana kidogo, kwa Krismasi mbili mezani kwa Edna.

"Pole, Halyna," alisema kwa Kiswahili, kwa sababu neno hilo Halyna alilijua. Mengine waliyasema kwa Kiingereza.

"Edna ana hofu?"

"Sana."

"Mwambie sina hasira. Nimekaa hapa nimewaza. Walinunua mchele. Waliazima viti. Mama yangu asingefanya zaidi. Ningependa kujua mapema. Lakini sina hasira."

"Nitamwambia."

"Padri amekwenda hospitali kumwona mgonjwa, anarudi saa sita. Ameniachia hii." Alikuwa na karatasi mapajani na penseli fupi. Jina la Bohdan lilishaandikwa juu, kwa herufi za kwao. "Kwetu tunaomba siku ya tisa na siku ya arobaini. Inahesabiwa kutoka siku yenyewe. Ukikosea siku, umemwombea wakati yeye hayupo hapo. Cheryl hakujua. Wewe umezungumza na Elisante. Ilikuwa lini?"

Leokadia alikuwa ameuliza swali hilo, lini, labda mara elfu katika maisha yake, na kila mara alikuwa upande wa anayeuliza. Jumamosi lilikuwa neno rahisi. Lilikuwa tayari mdomoni. Halyna alikuwa ameinamisha penseli kwenye karatasi, akisubiri kuandika chochote atakachoambiwa, na kukifuata siku arobaini.

"Leo," alisema Leokadia.

Penseli haikusogea.

"Leo saa ngapi?"

"Saa tano na dakika kumi."

Halyna aliangalia mshumaa. Mtu mmoja alipita nje na redio, wimbo ukaja na kwenda.

"Nimefika hapa saa tatu," alisema. "Nimemwombea apumzike, kuanzia saa tatu."

Leokadia alitaka kusema kuhusu simu, ruta, namna ambavyo kwao hali mbaya sana huwa haimaanishi hali mbaya sana. Angeeleza yote, na yote yangekuwa kweli, na hakuna hata moja lingefaa kitu. Aliweka mkono kwenye ile nafasi ya mtu mmoja kati yao. Halyna hakuuona.

"Alikuwa anaongea?"

"Mara mojamoja."

"Aliniulizia?"

"Ndiyo," alisema Leokadia. "Tangu Jumamosi."